Kujitolea na watoto Dar es Salaam ukitokea nje ya nchi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kituo chetu kiko upande wa Temeke, uswahilini kabisa. Watoto wa miaka 6 hadi 14 wanakuja wakitoka shule, wanakunywa uji, wanafanya kazi walizopewa na walimu wao, wanacheza, na kabla ya Magharibi kila mmoja amesharudi kwao. Hatulazi mtoto hata mmoja.

Majibu haya tumewaandikia wanaotaka kuja kujitolea kutoka nje ya Tanzania na Kiswahili wanakijua: Wakenya, Waganda, Wakongo, Warundi, na watoto wa Kitanzania waliokulia ughaibuni. Yatawafaa pia wenyeji ambao kila mwaka hutumwa na rafiki aliyeko Ulaya, "hebu niulizie hapo kwenu". Maswali hayakupangwa kwa uzito wake. Yamekaa tu kama yanavyotufikia.

Nina likizo ya wiki mbili. Naweza kuja kukaa na watoto?

Kuja, karibu. Kukaa na watoto, hapana. Atakayefanya kazi moja kwa moja na watoto tunamtaka miezi 3 kwa uchache, na mwezi wa kwanza anaufanya pembeni ya mlezi wetu, akijifunza majina, nani ndugu wa nani, na nani hapatani na nani. Mwenye wiki mbili tunampa kazi isiyomzoeza mtoto kwake: kupaka rangi, kukarabati madawati, kupanga vitabu, kumwelekeza mtunza hesabu wetu programu ya kompyuta. Kwingine mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Kwetu unalikuta getini. Wapo wanaonuna wakiambiwa hivyo, kisha wakaenda kutafuta kituo kitakachowakubalia. Watakipata, na hilo ndilo linalotusikitisha.

Sababu yenyewe ni hii. Mtoto ambaye baba amehama, mama ameenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na shangazi aliyebaki naye ameshamchoka, huzoea watu kwa kasi ya ajabu. Mgeni anaingia saa nane, saa tisa mtoto yuko mapajani. Mgeni anaona amependwa. Mlezi mzoefu anaona mtoto asiyechagua wa kumkimbilia, na anajua huyo ni wa kuangaliwa kwa makini. Watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi za malezi mjini Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000. Waliobaki kwenye taasisi, wakilelewa na watu wa kupokezana zamu, walibaki nyuma kiakili na kihisia. Waliopelekwa kwenye familia walipata nafuu, hasa waliopelekwa wakiwa wadogo sana. Watoto wetu wana makwao, hali yao si ile ya Bucharest. Lakini kila mtu mzima anayeingia, akapendwa na kutoweka, anamfundisha mtoto jambo lile lile.

Kwa hiyo unayekuja kumsaidia hasa ni mtu mzima ambaye mtoto atabaki naye: mlezi wetu, mwalimu wa tuisheni, bibi anayewalea wajukuu watano kwa biashara ya vitumbua. Ukiwa umewapunguzia hao mzigo, au umewaachia ujuzi wasiokuwa nao, wiki mbili zinaweza kuwa na faida kuliko mwaka mzima wa kubeba watoto mgongoni.

Mimi nilitaka kituo cha yatima hasa. Mnaweza kunielekeza?

Hatuelekezi, na tunakuomba ulifikirie upya.

Wengi wa watoto wanaoitwa yatima kwenye makao, hapa na kwingineko duniani, wana mzazi mmoja aliye hai au ndugu wa damu. Kilichowafikisha pale mara nyingi ni umaskini, maradhi au ndoa iliyovunjika. Fedha za wafadhili zikifuata vitanda, vitanda vitajazwa. Mzazi wa kijijini anaambiwa mwanao atasoma Dar bure, anamtoa kwa moyo mkunjufu, na miaka inapita. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, lilizitaka nchi zizuie madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, zikiwemo zile zinazoendeshwa kama utalii, kwa kuwa zinaweza kuzaa usafirishaji na unyonyaji wa watoto.

Makao ya watoto yapo na yanahitajika. Kuna mtoto ambaye usiku wa leo hana pa kulala salama. Lakini kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao yanatakiwa yawe na leseni, na mtoto hafiki pale kwa kupokelewa tu mlangoni. Ustawi wa jamii unahusika. Ukitaka kujua unakokwenda kukoje, mwulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kama anapafahamu. Waulize wenye makao: mwaka jana watoto wangapi walirudishwa kwa ndugu zao? Makao yanayofanya kazi yake yatakuwa na jibu, na mara nyingi yatakuwa na hadithi ndefu ya kumtafuta mjomba huko Lindi. Makao ambayo mgeni wa hotelini anashuka kwenye teksi, anakabidhiwa kichanga abebe na kupigwa picha, ondoka.

Naweza kuingia kwa viza ya matembezi halafu nikajitolea kimya kimya?

Hapana. Viza ya kawaida ni ya matembezi, mwisho siku 90, na hairuhusu kazi, uwe unalipwa au hulipwi. Anayejitolea anahitaji kibali cha ukaazi daraja C kutoka Idara ya Uhamiaji, na maombi yanapitia kwa taasisi inayompokea. Ndiyo maana swali lako la kwanza kwa kituo chochote lingekuwa: mmesajiliwa? Kituo kisicho na usajili hakiwezi kukuombea kibali, na kitakachokwambia "sema tu umekuja kutembea" kimekueleza tabia yake kabla hujafika.

Ada zinasomwa kwenye tovuti ya Uhamiaji na zinalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, haziwekwi mkononi mwa mtu. Anza mapema. Tiketi ya ndege ikatwe baada ya kibali. Hili tunalirudia kila mwaka na kila mwaka kuna anayeanza na tiketi kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu.

Mimi ni wa Afrika Mashariki. Si niko nyumbani?

Uko nyumbani kwa moyo, kwa makaratasi bado kidogo. Raia wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hahitaji viza ya kuingia, ila kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya kazi. Kibali kiko pale pale. Njoo na pasipoti, usitegemee kitambulisho cha taifa peke yake. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, Uganda na Kongo zikiwemo, waje na kadi ya chanjo.

Hati ya tabia njema ya nini? Nimekuja kusaidia, si kuiba.

Tunaidai kwa kila mtu, na mwenyeji wa Tandika aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa naye anaileta, amechukuliwa alama za vidole na polisi. Mkenya anaijua kama cheti cha maadili mema. Anayeishi ng'ambo alete ya nchi anayoishi sasa, si ya alikozaliwa. Tunataka pia wadhamini wawili waliowahi kukuona ukifanya kazi na watoto, na tunawapigia simu kweli.

Mtu mwenye nia mbaya na watoto hatafuti pa kuiba. Anatafuta mahali ambapo hawaulizi.

Nitafanya nini hasa kwa siku?

Usitegemee siku moja ifanane na nyingine. Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Katikati hapo, kuanzia Januari 2016, ada zilifutwa hadi kidato cha nne, na watoto waliokuwa wakibaki majumbani wakajaa madarasani. Jambo jema, lakini kuta hazikutanuka. Baadhi ya shule zinasomesha kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, kwa hiyo watoto wetu wanakuja kwa mafungu. Fungu la kwanza linafika wakati uji bado unachemka. Alasiri karibu nusu wanaondoka kwenda madrasa na kurudi. Ukipanga mashindano ya mpira saa tisa na nusu utacheza na timu moja.

Kazi kubwa kuliko zote, na inayochosha kuliko zote, ni kumsikiliza mtoto mmoja akisoma kwa sauti. Mwalimu mwenye darasa la watoto mia na zaidi hawezi kuwasikiliza wote. Mtoto anaweza kufika darasa la nne akiwa hodari wa kukariri ukurasa mzima huku kidole chake kiko mstari mwingine. Wewe unakaa naye kwenye jamvi dakika kumi, anasoma, unangoja. Kungoja ndiko kugumu. Wageni wengi humrukia mtoto na neno kabla hajalifikia.

Halafu kuna hesabu, na kuna Kiingereza kwa wanaokaribia kumaliza shule ya msingi. Shule za msingi za serikali wanafundishwa kwa Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani ghafla anakaa kimya. Ukiweza kumwandaa kwa hilo, umefanya kazi. Fuata vitabu vyao vya shule. Mtaala wako wa Toronto au wa Nairobi uache kwenye begi.

Baada ya hapo ni kucheza: rede, kombolela, mdako, na mpira wa makaratasi. Michezo watakufundisha wenyewe, na watakudanganya sheria. Na vikombe vya uji vinaoshwa na sote, wewe ukiwemo. Tumewahi kupata barua nzuri sana za maombi kutoka kwa watu ambao siku ya tatu walitaka kujua vikombe ni kazi ya nani.

Kiswahili changu si cha Dar. Watanicheka?

Watakucheka, na wiki inayofuata wataanza kukuiga. Hakuna tatizo.

Zingatia salamu zaidi ya lafudhi. Watoto watakuamkia shikamoo hata kama una miaka 22. Itikia marahaba, usiwaambie "mambo" kwa kuona aibu ya kuitwa mkubwa. Wewe nawe mwamkie mama mlezi, mzee wa duka la jirani, bibi anayeleta wajukuu. Vijana waliokulia ughaibuni hupitiwa hapa, wanaingia getini wakipunga mkono. Hakuna atakayewagombeza. Ila mama mpishi atawaita "yule mgeni" hadi siku ya kuondoka, wakati wenzao wameshakuwa anti na anko.

Mtoto akikosea nafanyaje?

Humpigi. Hata mzazi akikwambia mbele ya wote, "mchape tu mwalimu, nimekuruhusu." Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko shuleni, visizidi vinne, kwa mamlaka ya mwalimu mkuu. Sisi si shule, na hata tungekuwa shule tusingeitumia ruhusa hiyo. Tunajua hili halikubaliki na kila mzazi. Tunabishana nao kwenye kikao cha kila muhula, na wengine tumeanza kuelewana.

Wageni kutoka mbali mara nyingi wanakosea upande wa pili. Wanaogopa hata kusema "hapana", na mtoto wa miaka saba anawamaliza asubuhi moja. Sheria za kituo ni chache na zimebandikwa ukutani, zisimamie. Aliyepiga mwenzake anatolewa kwenye mchezo, anakaa karibu na mtu mzima hadi apoe, kisha wanazungumza. Chakula hakiguswi. Hakuna kosa linalomfanya mtoto anyimwe uji, na kauli ya "usipotulia huli" hapa haisemwi hata kwa utani, kwa sababu wapo ambao ule uji ndio chakula chao cha kwanza cha siku.

Mtoto akiniambia siri nzito, nafanyaje?

Hili lisome mara mbili.

Akianza na "nikikwambia usimwambie mtu", mjibu kwamba huwezi kuahidi hivyo, ila utamwambia tu mtu anayeweza kumsaidia. Msikilize. Usimhoji kama askari, usimwulize "kwa nini hukusema mapema", usioneshe kushtuka kwa sauti. Akimaliza, mwambie hajakosea kusema. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, siku hiyo hiyo, umpe msimamizi wetu wa ulinzi wa mtoto. Humpigii mzazi. Humfuati mtuhumiwa. Huandiki kokote mtandaoni.

Msimamizi anakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto akiwa ameingiliwa, hospitali haingoji kesho, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Na wewe ukijikuta peke yako, simu ya mtoto ni 116, kupiga ni bure.

Utakachokutana nacho baadaye ni watu wazima wenye heshima zao, wakikaa kwenye viti vya plastiki, wakishauri jambo hili liishie ndani ya familia. Baba ndiye analipa kodi ya nyumba. Mjomba ndiye anasomesha. Watakuja kwako kwa upole kwa sababu wewe mgeni na hujui mila. Jibu lako ni moja: hilo liko kwa msimamizi. Basi.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ukiwatazama watoto wakicheza rede uani, piga hiyo hesabu. Ndipo utaelewa kwa nini sheria zetu nyingine zimekaza: hubaki na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa, humchukui kwako hata kwa chakula cha mchana, humpandishi bodaboda umsogeze, humpi namba yako ya simu. Zinatuhusu sote, mwenyekiti wetu naye akiwemo. Usizione kama tusi kwako.

Picha?

Simu zinakaa kabatini saa za watoto. Picha za kituo anapiga mtu mmoja tuliyempangia, kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa, na mtoto mwenyewe akiwa ameulizwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hili si suala la adabu peke yake. Ukitaka ya kukumbuka, tutakupa picha ya uwanja, ya ukuta uliopaka rangi, ya mikono iliyoshika vikombe. Jiulize pia kama ungefurahi kumkuta mwanao, akiwa na kamasi na kaptula iliyochanika, kwenye ukurasa wa mtu wa Oslo asiyemfahamu.

Nije na zawadi gani?

Njoo mikono mitupu. Madaftari, penseli, mipira, vyote vinapatikana Kariakoo kwa bei ambayo begi lako la ziada kwenye ndege haliwezi kushindana nayo, na muuzaji wa Kariakoo naye ana watoto. Nguo za mitumba tunazo za kutosha nchi nzima. Pipi marufuku. Kumpa mtoto mmoja zawadi kwa kumvizia pia marufuku. Kesho yake utaona foleni, na keshokutwa ugomvi.

Kompyuta mpakato iliyo nzima, sawa, ila tuulize kwanza. Na usifungashie vitu kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, hata kwa abiria anayeshuka uwanja wa ndege.

Nalipa kiasi gani kujitolea kwenu?

Kwetu hulipi ada ya kujitolea. Unajilipia nauli, kibali, bima, chumba na chakula, na hiyo inatosha kuwa gharama. Kuna mawakala mitandaoni wanaotoza fedha nyingi kwa wiki chache; wapo wanaofikisha sehemu kituoni, wapo wasiofikisha hata shilingi. Muulize wakala kwa maandishi: katika fedha hizi, kituo kinapata ngapi? Asiyetaka kujibu ameshajibu.

Wenyeji wanatuuliza upande wa pili wa swali hili, na wana haki. Mhitimu wa ualimu yuko Mbagala hana ajira; kwa nini kazi yake ifanywe bure na mgeni? Kanuni yetu ni kwamba mgeni hachukui nafasi ya mtu tunayeweza kumlipa. Walezi na mwalimu wa tuisheni ni wa hapa na wanapata posho. Mgeni anaongezea pale palipobaki, na fedha zikipungua tunapunguza wageni kwanza, kwani hata mgeni wa bure anagharimu muda wa mtu wa kumsimamia.

Nitaishi wapi?

Kwa familia tunazozifahamu, au chumba cha kupanga. Mwenye nyumba wa Dar hupenda kodi ya miezi sita au mwaka kwa mpigo, hivyo kwa muda wa miezi mitatu familia ni rahisi zaidi. Utaoga maji ya ndoo siku ambazo mabomba yamekauka, na utajifunza kuweka umeme wa luku, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, kabla haujakata. Ukifika tunakupeleka serikali ya mtaa kujitambulisha kwa mtendaji. Usishangae, ni utaratibu, na siku ukipata shida yeye ndiye wa kwanza kufika.

Usafiri ni daladala. Mwendokasi, mabasi yenye njia zake maalumu, upo tangu 2016 na unasaidia kwa baadhi ya njia. Ukikaa ng'ambo ya Kigamboni, hesabu muda wa pantoni au zunguka darajani. Chagua kuishi karibu hata kama chumba ni kibaya kidogo. Mtu anayeamka Tegeta aje Temeke kila siku hudumu wiki tatu, kisha anaanza kuumwa kichwa kila Jumatatu.

Msimu gani mzuri wa kuja?

Shule zinafunguliwa Januari, zinafungwa kwa mapumziko Juni na tena Desemba. Januari hadi mwanzoni mwa Machi ni nzuri, na Julai hadi Septemba ni nzuri zaidi. Masika, Machi hadi Mei, mvua inafunga njia, Msimbazi unafurika hadi barabara ya Jangwani inakatika, na watoto wengi hawaji. Mwezi wa Ramadhani ratiba yetu inabadilika: wanaofunga wanapumzika alasiri, uji wa wadogo unaendelea chumba cha nyuma, na jioni utaalikwa kufuturu nyumba nyingi kuliko uwezo wa tumbo lako. Usikatae zote.

Afya je?

Malaria ipo, lala ndani ya chandarua na uende kupima ukipata homa, usijinunulie dawa kwa kukisia. Homa ya dengi iliwahi kulipuka Dar mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anauma mchana. Maji ya kunywa ya chupa au yaliyochemshwa. Bima ni lazima. Ukiwa na kikohozi kisichoisha, usije kwa watoto mpaka upimwe.

Nimempenda mtoto mmoja. Naweza kumlipia ada, au kumchukua nimlee?

Shule ya serikali haina ada, ila ina sare, viatu, madaftari na michango isiyokwisha. Fedha yako tunaiweka kwenye mfuko wa pamoja unaogawiwa kwa kuangalia hali ya nyumba, si kwa kuangalia nani ana tabasamu. Tulikataza ufadhili wa mtoto kwa mtoto baada ya kuona ndugu wawili wa kitanda kimoja, mmoja anapelekwa shule ya kulipia kwa basi la njano, mwingine anamsindikiza hadi kituoni.

Kumchukua, hapana. Kuasili mtoto kuna mlango wake mahakamani, na kwa asiye raia Sheria ya Mtoto inadai awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo na amelea mtoto huyo kwanza. Tena watoto wetu wana wenyewe.

Siku ya kuondoka inakuwaje? Naweza kuendelea kuwasiliana nao?

Tarehe yako ya kuondoka watoto wanaijua tangu siku unayotambulishwa. Imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Hatuvumilii kutoroka kimyakimya ili "wasilie". Wiki ya mwisho unakabidhi: daftari lako la kusomesha, nani amefika ukurasa upi, nani anasoma vizuri akikaa karibu na dirisha. Anayepokea anakaa nawe siku zote hizo, watoto wakimwona.

Usiahidi kurudi kama hujakata tiketi. Barua tunapokea, zinakuja kwa kituo, zinasomwa kwa wote. Ukitaka kujua maendeleo, tuulize sisi, na tutakujibu kwa kuchelewa.

Maombi yawe na nini?

Kurasa mbili zinatosha: umri (tunaanzia miaka 21), kazi unayoijua kwa mikono au kwa kichwa, muda utakaokaa, wadhamini wawili, nakala ya pasipoti na hati ya tabia njema. Tueleze mara moja ulipofanya kazi ya kujirudiarudia kwa miezi bila kusifiwa, iwe kumnywesha ndama maziwa kwa chupa au kuhesabu stoo ya dawa. Sentensi inayosema unapenda sana watoto unaweza kuiruka; imo kwenye kila barua. Tunajibu ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa Juni na Desemba.